Kamera ya Bi Lamya na Chokaa ya Makunduchi

Ukipita vichochoro vya Mji Mkongwe ukasikia mtu anapiga kelele "Ngazi! Ngazi jamani!", jibanze ukutani kwanza, maneno yako yaweke baadaye. Huyo ni Mcha Borafya, fundi wa kamera za ulinzi, na ngazi yake ni ndefu kuliko baadhi ya vichochoro vyenyewe. Ameshapangua nayo sinia zima la mikate ya ufuta, ameshamvua kofia imamu, na kila mwezi huapa kwamba atanunua ngazi ya kukunja. Hajanunua mpaka leo. Anasema ngazi ya kukunja haina heshima.

Ni mtu wa miaka arubaini na kidogo, mfupi, mpana wa mabega, na ulimi wake hauna breki. Amefunga kamera kwenye mahoteli, kwenye maduka ya Darajani na kwenye milango ya watu wenye wasiwasi. Mji mzima unamwita Fundi Mcha wa Kamera, naye jina hilo hulivaa kama kanzu ya Idi. Ila ukimuuliza kwao wapi, atakwambia kusini. Ukimuuliza kusini wapi, atatazama saa yake na kusema amechelewa kazi.

Sababu ni moja, nami naisema maana mwenyewe ameshaisema mbele ya watu. Baba yake, Mzee Borafya, ni mchoma chokaa wa Makunduchi. Mcha alikulia pembeni ya tanuri, akipanga magogo ya minazi na kupandisha mawe juu yake, na akienda skuli kope zake zilikuwa nyeupe. Wenzake walimwita Mzuka. Siku aliyopanda gari kuja mjini kujifunza umeme aliapa kwamba chokaa haitamgusa tena, na watu wa mjini aliwaambia baba yake ni mkulima wa mihogo. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa, lakini Mcha aliona utumwa huo una kiyoyozi, akaukubali.

Basi mwaka huu, kabla ya mvua za masika, alipigiwa simu kutoka Maskati na mtu anayeitwa Zahran. Mama yake Zahran, Bi Lamya, anakaa peke yake Kiponda, kwenye nyumba ya ghorofa mbili ya mawe na chokaa aliyoingia akiwa bi harusi. Zahran ni mtoto wake wa pekee. Alitaka kamera moja tu juu ya mlango, apate kuona kwenye simu yake nani anabisha hodi kwa mama.

Siku hiyo Mcha alikuwa na kazi tatu, na hii ilikuwa ya tatu. Kwa kawaida, kabla hajatoboa, huugonga ukuta kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, maana nyumba hizi hazikujengwa kwa matofali. Ni mawe ya matumbawe makubwa na madogo, na baina yao imejaa chokaa. Pakilia kwa ukali, hapo pana jiwe. Pakilia kwa uzito, hapo pana chokaa, sogea. Siku hiyo hakugonga. Alipanda, akawasha drili yake kwa mtindo wa nyundo, na unga mweupe ukamwagika kama pishi imepasuka. Tundu likawa kubwa kuliko bolti. Badala ya kuhama, alikoroga simiti, akaishindilia humo, akatia bolti zote nne, akafunga mkono wa kamera, kile chuma kinachoibeba, akashuka.

Simiti na ukuta wa chokaa hawakai nyumba moja. Alijua hilo. Mtoto wa mchoma chokaa asijue?

Siku ya kumi na tisa mvua ilinyesha asubuhi nzima, kisha likatoka jua kali. Bi Lamya alianika pilipili manga kwenye sinia, akaliweka barazani. Baada ya laasiri, kamera ikashuka kutoka ukutani pamoja na mkono wake, bolti zake zote nne na donge la simiti la ukubwa wa dafu, ikatua katikati ya sinia. Zahran wakati huo alikuwa akitazama simu yake ofisini Maskati. Aliona mbingu, akaona ukuta ukipita mbio, akaona kiatu cha mama yake kikubwa kama jahazi, kisha pilipili manga tupu. Kamera ilikuwa bado nzima. Alimsikia mama yake akisema maneno ambayo hakuwahi kudhani kwamba anayajua.

Akampigia Mcha. "Fundi, kuna nini huko?"

Hapa ndipo Mcha alipoponzwa na ulimi wake. Alisema, "Ukuta umeoza, bwana. Ndivo zilivo nyumba hizi za kale, hazishiki."

Maneno machache, wala hayakumtoa jasho. Alikata simu, akala urojo wake, akasahau.

Baada ya siku mbili alikwenda Kiponda kuchukua vifaa vyake. Alimkuta Bi Lamya amekaa chini ukumbini, kasha la nguo liko wazi mbele yake, anachambua cha kuchukua na cha kugawa.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba, mwanangu. Pita, ukae. Unaitaka asmini? Nna vyungu saba, sijui nimwachie nani."

"Unakwenda wapi, bi?"

"Maskati. Zahran anakuja Ijumaa ya wiki ijayo kunichukua. Kasema nyumba isiyoshika hata bolti, itanishika mimi? Siku moja nitafukiwa humu, na yeye yuko mbali." Aliikunja kanga moja, akaikunjua, akaikunja tena. "Nshakaa hapa miaka hamsini na mbili. Zahran nimemzalia chumba kile pale. Na marehemu baba yake katolewa kwa mlango huu. Hebu niambie kweli, Mcha, wewe ndiye fundi. Ukuta wangu umeoza?"

Mcha alipewa kahawa, akainywa mbio mbio. Alisema tu, "Ntautazama, bi," akatoka nje.

Aliegemeza ngazi, akapanda, akaugonga ukuta kama alivyotakiwa kuugonga siku ile. Ulilia jiwe. Akasogea, ukalia jiwe. Aligonga kutoka kizingiti mpaka chini ya dirisha, ukuta wote ni mzima wa afya, wenye nguvu kuliko yeye. Pabovu palikuwa mahali pamoja tu, ufa wa chokaa wa vidole vitatu baina ya mawe mawili makubwa, na humo ndimo alimotia drili yake. Alikaa juu ya ngazi akijionea aibu mpaka miguu ikamfa ganzi. Alimwonea huruma bibi wa watu, na alijichukia.

Kesho yake alfajiri aliwasha vespa yake, akalitia lile donge la simiti kwenye mfuko, akashika njia ya Makunduchi.

Mzee Borafya alikuwa uani anakata majani ya mgomba. Alipoona mwanawe anaingia, aliweka kisu chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hakufa mtu, baba."

"Leo si sikukuu ya Mwaka Kogwa, na wewe hapa huji ila Mwaka Kogwa na maziko. Kama hakufa mtu, kuna nini?"

Mcha alimweleza yote, hata lile la kusema ukuta umeoza. Akatoa lile donge. Mzee alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza, akalinusa, kisha akacheka mpaka akashika kiuno.

"Tazama lilivyo safi," alisema. "Halikushika hata punje ya chokaa ya mwenzake. Chokaa inapumua, Mcha. Hunywa mvua, na jua likiwaka ikaitoa. Simiti haipumui. Ukiziweka pamoja, moja itamsukuma mwenziwe mpaka atoke. Nilikufundisha hayo una miaka minane."

"Nakumbuka, baba."

"Unakumbuka leo." Mzee aliinuka, akajifunga shuka vizuri. "Nna chokaa imelala shimoni mwaka wa nne. Nipatie ndoo. Na hapo nyuma ya chombo chako, panakalika?"

Wakaja mjini hivyo, Mcha mbele, mzee wa miaka sabini na tano nyuma, amepakata ndoo ya chokaa iliyofunikwa majani ya mgomba, na njia nzima akitoa ushauri juu ya uendeshaji.

Kazi aliyoifanya Mzee Borafya pale Kiponda ilitazamwa na kichochoro kizima. Kwanza alikwenda na kurudi mbele ya ukuta, akiugonga kwa mpini wa patasi huku ameinamisha sikio. Akachagua jiwe moja kubwa upande wa kushoto wa mlango, mbali na lile tundu la aibu. Hakutaka drili. Alichonga kwa patasi pembezoni mwa jiwe, taratibu, akafanya tundu lenye mdomo mdogo na tumbo kubwa, kama mtungi. Akalisafisha vumbi kwa unyoya wa kuku, akalinywesha maji mpaka lilipokinai. Kisha alichukua kipande cha boriti ya kale, kigumu kama pembe, kilichochongwa kikawa kipana nyuma na chembamba mbele. Akakipenyeza kwa ubavu, akakisimamisha kwa kabari za mawe, na kila pengo akalijaza chokaa aliyoichanganya na vigae vya chungu vilivyotwangwa. Ukikivuta kile kipande, ndipo kinapozidi kukaza.

"Skrubu yako itauma boriti," alimwambia mwanawe, "na boriti imeshikwa na mawe. Chokaa ni ya kuwapatanisha tu."

Juu yake akatundika gunia lililoroweshwa. Akamwamuru Bi Lamya alimwagie maji asubuhi na jioni kwa siku tisa, na asiguse mtu. Bi Lamya akaliingiza gunia katika zamu ya asmini zake.

Wakati kazi inaendelea alipita Suhaib, mwenye duka la simu, rafiki yake Mcha. Alimtazama mzee aliyepakaa chokaa mpaka nyusi. "Fundi, nani huyu?"

Mcha akajibu, "Mzee mmoja, ananisaidia."

Mzee Borafya alisikia. Hakugeuka. Aliendelea kusugua chokaa kwa kidole gumba, polepole, mpaka ukingo wa tundu ukawa laini. Mcha aliona masikio ya baba yake, hata hayo meupe, akatamani ardhi immeze, lakini neno lilikuwa limeshatoka na Suhaib ameshapita.

Siku ya nane likazuka jingine. Jirani wa mbele, Bi Abeer, alichungulia kwenye dirisha la juu. "Weye Mcha! Hapo unapotaka kuiweka, hiyo kamera yako si itanitazama mimi ndani? Mimi nakaa humu kichwa wazi!"

Mji Mkongwe watu wanaishi dirisha kwa dirisha, lakini waliojenga walihakikisha mlango wa huyu hautazamani na mlango wa yule. Kumwona jirani ndani kwake ni kuvunja sitara, na fundi anayepuuza hilo ataitwa kila jina ila fundi. Mcha hakubisha. Alipanda, akaishika kamera kwa mkono mahali itakapokaa, na simu akaitia kwenye kikapu alichoteremsha Bi Abeer, ajionee mwenyewe.

"Chini kidogo," Bi Abeer aliamuru. "Bado naona pazia langu. Chini tena. Kushoto. Hapo! Nini hiki?"

"Mlango wa Bi Lamya, ngazi zake na baraza, basi."

"Na nguo zangu nilizoanika?"

"Hazimo, bi."

"Basi funga, na Mungu akupe." Mcha akaweka alama ya penseli pale pale.

Ijumaa ikafika. Asubuhi Mcha alivua gunia. Chokaa ilikuwa imekaza, ukiigonga inajibu. Aliupachika mkono wa kamera, akaupima kwa pima maji, akaukaza kwa skrubu ndefu za chuma kisichoshika kutu, maana hewa ya chumvi haimwonei mtu haya. Waya aliuacha uning'inie kidogo chini kabla ya kuingia tunduni, ili maji ya mvua yadondokee hapo yasifuate waya ndani. Kamera yenyewe hakuifunga. Mzee alisema isubiri.

Baada ya sala Zahran alitokea kona ya kichochoro, mtu mrefu na mnene, kanzu nyeupe, anaburura sanduku kubwa. Kwa jinsi lilivyokuwa likirukaruka juu ya mawe, kila mtu alijua halina kitu. Lilikuja kumchukua Bi Lamya. Mama alimkumbatia mwanawe, akalitazama sanduku, akatazama pembeni.

"Kuna mkono mpya, mwanangu," alisema. "Tazama ulivyokaa."

"Nauona, mama. Umeshika leo. Lakini fundi mwenyewe aliniambia ukuta umeoza. Utashika miezi mingapi?"

Hapo Mcha akaelewa kwamba hata skrubu za dhahabu zisingemsaidia bibi huyu. Kilichomtoa nyumbani kwake hakikuwa ukuta. Kilikuwa neno lake yeye, na bado lilikuwa limesimama pale mlangoni. Kichochoro kilikuwa kimejaa. Bi Abeer yuko dirishani, Suhaib ameegemea kona.

"Bwana Zahran," alisema Mcha. "Ukuta haukuoza. Nilikosea mimi. Nilikuwa na haraka, nikatoboa kwenye chokaa bila ya kugonga, nikaziba kwa simiti. Ilipoanguka nikasingizia ukuta. Nyumba ya mama yako ni nzima."

Zahran alimtazama kwa hasira, na alikuwa na haki nayo. "Uliniongopea juzi. Leo nikuamini kwa lipi?"

"Usiniamini mimi. Muamini huyu aliyeufanya."

"Huyu nani?"

Mcha alimshika mkono mzee aliyekaa barazani, akamsimamisha. "Huyu baba yangu. Mzee Borafya, mchoma chokaa wa Makunduchi. Mimi nafunga kamera tu. Fundi ni yeye." Akamgeukia Suhaib. "Na wewe ulisikie, yakhe. Baba yangu huyu. Juzi nilikwambia upuuzi."

Mzee Borafya alikohoa kidogo, akasawazisha kofia yake ambayo haikuwa imekaa vibaya. Kisha akamnyooshea Zahran kidole, akakielekeza kwenye mkono wa kamera.

"Vuta."

Zahran alipanda barazani, akaushika, akavuta. Haukutikisika. Akavuta kwa mikono miwili.

"Unavuta kama unachuma mbirimbi," mzee alisema. "Ondosha miguu."

"Mzee, nna kilo mia na nne."

"Nakuona. Ondosha."

Zahran akakunja miguu. Akaning'inia pale, kanzu inapepea, kubadhi moja limemtoka, mtu mzima wa ofisi ya Maskati anabembea mlangoni kwa mama yake. Ukuta haukutoa hata vumbi. Bi Abeer ndiye aliyeanza kigelegele huko juu, kikapokewa kichochoro kizima.

"Teremka, utaipasua kanzu!" Bi Lamya alipiga kelele, huku machozi na kicheko vinagombea uso wake. "Mtoto huyu tokea zamani hasikii!"

Zahran alishuka amewiva uso, anacheka naye. Aliuweka mkono ukutani, akakaa nao hapo muda. Mzee Borafya hakumwacha akashangilia tu. Alimzungusha nyumba nzima, akigonga na kumsikilizisha, na nyuma, chini ya bomba la maji ya mvua, alimwonyesha pembe moja inayolia vibaya. "Hapa pataka chokaa kabla ya vuli. Kwengine mama yako aweza kukaa mpaka achoke." Ukweli huo wa pembe moja ulimtuliza Zahran kuliko sifa zote.

Kamera ikafungwa jioni hiyo hiyo. Zahran akakaa wiki moja, akala, akalala chumba alichozaliwa. Siku ya kuondoka, sanduku lilirudi Maskati limejaa halua, pilipili manga, mbirimbi kavu na karafuu, na ilibidi watu wawili walikalie ndipo lifunge. Kasha la Bi Lamya lilisharudi chini ya kitanda.

Siku hizi ukimuuliza Mcha kwao wapi, jitayarishe, maana ataanza na tanuri na hatakwisha upesi. Mzee Borafya naye huja mjini kila wiki kwa vespa, na kuna mafundi wanaomsubiri kwa hodi na shikamoo.

Mwezi uliopita Zahran alipiga simu amehamaki. "Fundi, kamera imeharibika! Tokea asubuhi naona rangi nyekundu tupu!"

Mcha akabeba ngazi yake, "Ngazi! Ngazi jamani!", mbio mpaka Kiponda. Aliukuta mkono wa kamera pale pale ulipo, imara kama siku ile. Kamera ilikuwa imefunikwa kanga nyekundu. Chini yake, barazani, Bi Lamya amekaa kichwa wazi, Bi Abeer anamtia hina nyweleni.

"Bi, Zahran ana wasiwasi."

"Mwambie nipo, mzima, na nyumba yangu nzima," alisema Bi Lamya bila ya kuinua kichwa. "Akitaka kuniona zaidi ya hivo, na aje."

Mcha alimfikishia maneno hayo kama yalivyo. Upande wa pili Zahran akacheka.

"Mwambie nnakuja Idi. Na sanduku safari hii nnaliwacha huku."